Ombi la Kutopelekwa Ziwa la Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, mimi karani wako wa stoo ya matope naomba nisipelekwe Jumatatu kwenye ziwa la tatu kuandika lebo juu ya chelezo. Sijui kuogelea. Hata hivyo, hoja zangu ni za kisayansi.

1. Safari inataka kujua kama ule ukame wa ghafla, wa zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, ulienea kote au ulipiga ziwa moja tu. Jibu tunalo stoo. Nimelaza mezani tope lililochimbwa chini ya maziwa mawili, likiwa bado ndani ya mabomba yake: bomba la alama nyekundu na bomba la alama ya buluu. Tabaka jeupe la vumbi la ukame huo limekaa pale pale katika yote mawili, na chini yake kila moja lina kipande cha kokoto. Mabomba yenyewe ni bapa upande mmoja, ununuzi wa busara sana, maana hayabingiriki.

2. Ukame uliofika maziwa mawili hauwezi kuliruka la tatu. Kwenda kuliuliza ni kulivunjia heshima.

3. Tabaka hilo linaanza ghafla, kama limekatwa kwa kisu. Ukame ukirudi hivyo Jumatatu, tutakwama topeni. Dereva ananicheka: "Bwana mdogo, si unaogopa maji? Yakikauka utaogopa nini tena?" Nitaogopa tope, mheshimiwa.

4. Tena, kama ulifika kote, hata ofisi hii ilikuwamo. Nashauri tuchimbe hapa hapa nyuma ya jengo. Jembe nitaleta mwenyewe.

Nakuomba unijibu mapema, kwani mama ameshanifungia begi, na anaimba.

Wasalimie wahasibu, mlinzi, na shangazi wa maabara, ambaye peke yake hajanicheka.

Mtiifu wako, nikiwa bado nchi kavu,
Karani wa Stoo

Nyongeza: Shangazi wa maabara amepita sasa hivi, akaitazama meza yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kila bomba hupasuliwa kwa urefu: nusu nyekundu ya kupima, nusu ya buluu ya kuhifadhi. Ameviunganisha vile vipande vya kokoto mbele ya macho yangu. Ni kokoto moja. Ushahidi wangu wote ni ziwa moja linalokubaliana na nafsi yake. Basi ziwa nililoliita la tatu ndilo la pili, na hakuna aliyewahi kuliuliza. Naomba jaketi la kuelea. Kubwa. Na jingine la akiba.