Tattie na Kombe la Vuli

Jumatatu, 2 Septemba
Mvua. Jumamosi ni fainali ya gofu ya Kombe la Vuli, mimi dhidi ya Lumsden, daktari wa meno. Jina lake liko kwenye ubao wa klabu mara tatu, kwa rangi ya dhahabu. Langu halipo. Miaka ishirini na miwili nalipa ada! Yeye akikosea anajitoza adhabu kabla hajaulizwa, na wote wanamsifu. Unafiki mtupu.

Jumanne, 3 Septemba
Nimesoma kitabu cha sheria chooni. Kumbe mnyama akiuchukua mpira uliotulia, unaurudisha ulipokuwa, bila adhabu. Kama hakuna aliyeona ulipokuwa, unakadiria. Kukadiria ni kipaji changu. Mbwa wanaruhusiwa uwanjani kwetu, na mke wangu Elspeth anaye wake, Tattie, mnene, hana kazi. Mpira wangu ukinasa kwenye shimo la mchanga, ataukwapua, nami nitaapa ulikuwa kwenye majani safi.

Alhamisi, 5 Septemba
Mafunzo ya Tattie ufukweni. Kipande cha soseji kwa kila mpira anaoniletea nikipiga mluzi. Elspeth akauliza mbona mbwa ananenepa. Nikamwambia ni manyoya. Akasema nina langu jambo. Wanawake na dhana zao.

Jumamosi, 7 Septemba
Fainali. Shimo la sita, mpira wangu ukazama mchangani. Nikapiga mluzi. Tattie alikuwa miguuni pa Bi Effie, mwamuzi wetu, akimalizia pai yake ya nyama. Hakugeuza hata sikio. Msaliti.

Hata hivyo tukafika shimo la mwisho sare. Lumsden akamaliza kwa mapigo matano. Langu lilikuwa la nne, likiingia kombe ni langu: hatua kumi, mteremko, upepo wa bahari. Nikausukuma mpira. Ukaenda. Ukaenda! Ulikuwa umebakiza shibiri moja Tattie alipotoka mbio, akaudaka, akaniletea, akakaa kusubiri soseji.

Nikasema ulikuwa unaingia, kila mtu kaona. Bi Effie akasema mpira uliosukumwa kwenye majani mafupi ya kuzunguka shimo ukizuiwa na mnyama, pigo linafutwa, linarudiwa. "Na mbwa ni wako, mwanangu. Rudia."

Nikarudia. Ukapita kulia. Pigo la tano likapita kushoto, na kombe likaenda. Lumsden akanipa mkono, akasema lile lililofutwa ndilo pigo zuri kuliko yote aliyoyaona mwaka huu. Alisema kwa dhati, mjinga yule. Nilikaribia kulia.

Jumatano, 11 Septemba
Lumsden ubaoni mara ya nne. Pembeni wametundika picha ya Tattie, mpira mdomoni, na jina lake chini kwa dhahabu ile ile. Mbwa! Jumamosi moja tu uwanjani! Nilisimama pale mpaka chai ikapoa. Elspeth ameagiza nakala mbili.

Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Mpango ulikuwa sahihi, mnyama ndiye hakufaa. Mbwa ana mwenyewe, shakwe, ndege wa baharini, hana. Leo nimewapelekea shakwe chipsi pale shimo la sita. Mmoja ameshaanza kunizoea.