Nilivyomwoza Nyanya Boke kwa Kompyuta

Leo nimeaibika mbele ya naibu chifu, wazee wanne na nyanya mmoja mwenye fimbo. Na sikuiba kitu. Nilisahihisha sarufi tu.

Kwa wasionijua: shule niliiacha kidato cha pili, nikaanza kuzunguka. Nimevua omena Mfangano. Nimechimba dhahabu Macalder (dhahabu yenyewe ilikataa kunijua). Sasa nina miezi miwili hapa Isebania, katika chumba kimoja nyuma ya kanisa. Humo Mwalimu Pauline, mwalimu mstaafu, anakusanya historia ya wanawake wa huku: sauti zao, picha, barua, vyote anaviweka kwenye mtandao ili mtu yeyote avisome. Mimi niliingia kuchaji simu. Nikauliza maswali mengi mpaka akachoka, akanipa kiti na kompyuta nijijibu mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupekua makavazi ya ng'ambo yaliyo mtandaoni, kutafuta picha za zamani za akina mama wa upande huu. Zipo. Maelezo yake ndiyo vituko. "Mwanamke na mtungi." "Mwanamke akibeba kuni." "Wanawake wawili, majina hayajulikani." Kwenye picha moja fahali alikuwa ameandikwa jina la mwenyewe, na mama aliyemshika kamba hakuandikwa kitu. Nilikasirika kweli.

"Mwalimu, hawa waliandika bila kuuliza?"

"Waliandika walichodhani," akasema. "Ndiyo maana sisi tunauliza."

Nikatikisa kichwa kama profesa. (Profesa wa kidato cha pili.)

Wiki jana akaja Nyanya Boke kutoa historia yake. Nyanya ni Mkuria, mjane, na shida yake ilikuwa moja. Mumewe alipofariki hawakuwa na mtoto wa kiume. Sasa Boaz, mpwa wa marehemu, anadai kwamba Robi, mama anayeishi na Nyanya pale bomani, ni mgeni tu, kwa hiyo yeye na wanawe wafunge virago, shamba libaki kwa ukoo. Nyanya alitaka maneno yake yaandikwe, naibu chifu ayasikie na kuyapigia muhuri. Bila muhuri, Robi na watoto wangeanza kuhesabiwa kama wapangaji.

Nilimrekodi kwa simu, huku nikiandika kila neno. Lakini nilipokuwa naandika nikaona Kiswahili cha Nyanya kina kasoro. "Nilioa Robi." "Nilipooa." "Mwanamke akioa." Kila mahali! Sisi wengine tulifundishwa darasa la tatu kwamba mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nikamhurumia. Mtu wa umri ule aende mbele ya serikali na makosa ya namna hiyo?

Basi leo asubuhi, muda umeyoyoma, Mwalimu amekwenda kuwapokea wageni, nikatumia akili. Kurekebisha moja moja ni kazi ya watu wasiojua kompyuta. Nikaiambia mashine: kila palipo na "oa", weka "olewa". Badilisha zote. Ikabadilisha mara moja, bila swali. Nikachapa kurasa tatu safi, nikazipanga mezani, nikajipigia makofi kimoyomoyo.

Wageni wakaingia. Naibu chifu na kofia yake. Wazee wanne. Boaz, ametia shati jipya kabisa kama mtu anayekuja kuchukua shamba. Nyanya Boke akakaa mbele, fimbo katikati ya magoti, na Robi kando yake ameshika Biblia.

Naibu chifu akavaa miwani. Ana sauti ya mkutano wa hadhara hata akiomba chumvi.

"Mimi Boke, wa mkolewa wa Nyanza..."

Akasita. Akasogeza karatasi mbali kidogo.

"Mkolewa ni nini?"

"Ni mkoa, mkubwa," Mwalimu akasema, akinitazama. "Imeteleza tu."

Mimi nikaanza kusikia joto masikioni.

"Namshukuru Bwana Yesu aliyeniokolewa..."

Mzee mmoja wa kanisa akainua kichwa taratibu. "Nani ameokolewa? Yesu?"

"Hivi ndivyo ilivyoandikwa."

"Na nani?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilijua, nikajitia kupanga nyaya za kompyuta.

Naibu chifu akaendelea, kwa sababu serikali haishindwi na karatasi. "Nilitolewa ng'ombe kwa baba yake Robi, mbele ya mashahidi, na mimi Boke niliolewa."

Fimbo ikagonga sakafu.

"Rudia hapo," Nyanya akasema.

"Niliolewa."

"Na nani? Mlete nimwone! Mimi mume wangu nilimzika. Baada ya yeye, mimi ndiye nilioa!"

Boaz akasimama na shati lake. "Si nilisema? Hata karatasi yake mwenyewe imemkana! Hakutoa ng'ombe, ametolewa. Hakuoa, ameolewa. Chifu, piga muhuri hapo hapo, mimi sina neno."

Robi akafunga Biblia. Sijawahi kuona mtu akifunga kitabu polepole namna ile. Nilidhani nimefanya mzaha wa mashine, kumbe nimemwondolea mtu nyumba.

Na hapo ndipo Mwalimu aliponieleza, mbele ya wote, kitu ambacho kila mtu mle ndani alikijua tangu utotoni isipokuwa mimi wa kutoka ziwani. Kwa Wakuria, mama asiye na mtoto wa kiume anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta mke, na watoto wa yule mke ni wa nyumba yake. Wanaiita nyumba mboke. Nyanya hakukosea Kiswahili hata kidogo. Alioa. Robi aliolewa. Sarufi ilikuwa sawasawa kuliko yangu.

"Endelea, mkubwa," Mwalimu akasema kwa utulivu wa kutisha. "Soma mstari unaofuata."

"Anayetusumbua ni mpwa wa marehemu, anayeitwa..." Naibu chifu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Bolewaz."

Wazee wakapasuka. Hata Robi. Mmoja akapiga paja: "Bolewaz! Na wewe umeolewa wapi?" Boaz akaketi.

Nikaona huo ndio mlango wangu wa kutorokea. "Chifu, ni kompyuta!" nikasema. "Sauti yenyewe ninayo. Sikilizeni sauti!" Nikaunganisha simu na spika, nikaongeza mpaka mwisho. (Hekima inaponijia, huwa inanijia yote mara moja.)

Sauti ya Nyanya ikajaa chumba. "Ng'ombe nilitoa mimi. Nilioa Robi mimi. Watoto wa Robi ni watoto wa nyumba yangu." Safi kabisa. Naibu chifu akaitikia kwa kichwa. Boaz akaangalia viatu.

Ningezima hapo. Mtu mwenye akili angezima hapo. Lakini nilikuwa nafurahia ushindi, na kumbe siku ile ya kurekodi, Nyanya alipoaga na kutoka, mimi sikuzima simu. Mlango ukasikika ukifungwa. Halafu sauti yangu mwenyewe, kubwa, ikicheka:

"Omera, ndugu yangu, huyu nyanya Kiswahili kimempiga chenga! Ati alioa! Usijali, nitamnyoosha."

Nilikuwa nazungumza peke yangu, wakuu. Hata mwenzangu sikuwa naye.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nyanya akageuka na kiti chake chote.

"Wewe kijana. Umeoa?"

"Bado, Nyanya."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi nyamaza, sisi tuliooa tuongee."

Hapo ndipo chumba kilipolipuka. Naibu chifu alilazimika kuvua kofia. Nikapewa kalamu, nikaandika upya kwa mkono, kurasa zote, Nyanya amesimama nyuma yangu na Robi akimsomea kila mstari. Nikifika kwenye neno lile, fimbo inagusa kiti: "Hapo umeandika nini?" "Nilioa, Nyanya." "Na ng'ombe?" "Ulitoa wewe, Nyanya." "Endelea."

Muhuri ukapigwa. Robi akaikunja nakala yao, akaiweka ndani ya Biblia, na safari hii akaifunga haraka, kama mtu anayefunga mlango wa kwake. Nyanya akiwa anatoka akanipima juu mpaka chini, akamwambia mkewe, "Huyu anaandika vizuri akisimamiwa. Ng'ombe wakibaki, tutamwoa naye."

Naomba msicheke. Habari imefika stendi kabla yangu. Muuza ndizi ameniita bibi harusi, na mimi, kwa uchovu, nimeitika.