Mrudisheni Mama Kazini Kabla Hajavuka Ukuta wa Jirani

Kwa Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo, na samahani kwa kukuandikia badala ya kuja mwenyewe. Nasoma kwa lugha mbili na ninanyamaza kwa zote mbili, kwa hiyo barua ndiyo njia pekee iliyobaki.

Mimi ni mtoto wa yule mshauri wenu wa majengo na viwanja. Mradi wa mabweni uliposimama, mlimwambia apumzike nyumbani mpaka baraza liamue. Mheshimiwa, mama hapumziki. Anaiendeleza nyumba yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Amefanya ukaguzi wa matumizi ya nafasi, kama anavyofanya kwenye madarasa yenu. Siku nzima alikuwa anafungua mlango wangu bila hodi, anachungulia, anaandika, anafunga. Matokeo: chumba changu kina mtumiaji mmoja tu, tena hana tija. Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimelala.

2. Ametundika Mpango Kabambe kwenye friji. Baba sasa ni mdau. Kiti chake kimehamishiwa koridoni, eneo la mapokezi, na akinung'unika anaambiwa, "Mume wangu, muda wa kupokea maoni umekwisha." Tegemeo langu lilikuwa Bibi. Alifoka kweli: "Tangu lini nyumba ikawa na wadau?" Mama akamteua mwenyekiti wa kamati. Sasa Bibi naye haonekani bila miadi.

3. Hili ndilo linaniuma. Chumba changu kimetangazwa kuwa ukumbi wa kujisomea. Kila nikitoka shule nakuta watoto wa majirani wamejaa, na ratiba imebandikwa mlangoni. Mheshimiwa, mimi ni yule ambaye wageni wakiwa sebuleni hutoka nje kwa kupitia dirishani ili nisiwapite. Leo wageni wamekaa juu ya kitanda changu, ambacho kwenye mpango kinaitwa "viti vya ziada". Nilipomlilia Bibi akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sikuwa naumwa, Mheshimiwa. Nilitaka chumba changu tu.

4. Jana alipanda ngazi akachungulia ng'ambo ya ukuta. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa anamwagilia maua yake. "Shikamoo mwalimu," mama akaita kwa ile sauti yake ya mikutanoni, "hivi hujawahi kuwaza hapo pakiwa maegesho?"

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: mpeni mabweni yake. Hata yakitoka mabaya. Hata yakikosa madirisha. Wanafunzi wenu ni wengi, watagawana shida. Mimi yangu naibeba peke yangu. Ikishindikana kabisa, mpeni choo apanue.

Nisalimie baraza zima, katibu muhtasi wako, na mlinzi wa getini, ambaye mama husema kibanda chake kinatumika vizuri kuliko ofisi yako.

Ni mimi,
Mtumiaji Asiye na Tija

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mmoja wa hao wanaojisomea humu, yule anayekaa upande wa dirisha, mtoto wa fundi umeme, ameniuliza naandika nini. Nikamjibu. Sentensi nzima, mpaka nukta. Amesema kesho atawahi aniwekee nafasi, humu humu chumbani kwangu. Kwa hiyo, Mheshimiwa, baraza lisifanye haraka. Mabweni ni jambo la kuchunguzwa taratibu sana, hasa madirisha.