Kupinga Ushindi wa Muuguzi Aliyekaa Kwenye Kona

Banda la Fundi Simu,
Utende, Mafia.

Kwa Mzee Shamte,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ligi ya Gemu,
Utende.

Mheshimiwa Mwenyekiti, baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na nyumbani wote hawajambo. Mimi mwili ni mzima, ila tangu fainali ya Jumamosi chakula hakipandi.

YAH: MUUGUZI LAURENCIA KUSHINDA FAINALI BILA KUPIGANA

Najua ulipewa uenyekiti kwa sababu hujawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwako, hivyo huna upande. Kwa heshima naomba nikueleze taratibu. Katika gemu ya kupigana kila mchezaji ana mstari wake wa damu juu ya kioo cha televisheni. Ukipigwa, damu inapungua. Ikiisha, umekwisha. Muda ukimalizika wote mkiwa hai, mwenye damu nyingi ndiye mshindi. Kanuni hiyo ya mwisho aliibandika ukutani Abeid, mwenye banda la gemu, na ndiyo iliyoniangamiza.

Mimi ni fundi, Mzee wangu. Vidole hivi vinafungua skrubu ambazo wenzangu hawazioni. Kombo yangu, yaani mapigo kumi na saba mfululizo bila kupumua, haijapata mpinzani hapa wala Kilindoni. Watu wamevuka kutoka Chole na nguo zao za Idi kuja kuitazama. Kwa hiyo naamini, na nitazikwa nikiamini, kwamba gemu ni vidole. Mtu akishaanza kufikiri, ujue vidole vimemshinda.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kukaa kwenye kona. Laurencia alichagua kibabu chenye fimbo, akakirudisha nyuma mpaka kwenye kona ya kioo, akakituliza hapo kijikinge. Namshushia kombo, anajikinga. Naruka juu, ananipiga mtama, anarudi kujikinga. Mtama, Mwenyekiti! Kitufe kimoja mashindano mazima! Nilipomuuliza mbele ya watu kama haoni haya, alinijibu, "Fundi, kutwa nzima zahanati nalinda damu za watu. Hii ya kwangu niimwage kwa nini?" Banda likalipuka. Mwanaharusi, yule muuza chapati, akapiga kigelegele na kusema, "Tulia hapo hapo, nesi wangu, atakufuata mwenyewe!" Na kweli nilimfuata, kila mara.

2. Utovu wa adabu. Zilibaki sekunde chache na mimi ndiye niliyekuwa na damu nyingi. Nikageuka kuwapungia watazamaji, kama bingwa anavyopaswa. Akanipiga mtama. Muda ukaisha. Mtu aliyelelewa humwacha mwenzake amalize kupunga.

3. Upelelezi. Kabla ya fainali alileta simu yake kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alisema haisikiki. Nikaifungua, nzima. Mara ya pili alisema inasikika mno. Mara ya tatu hakusema ina nini, aliiweka mezani akavuta kigoda. Muda wote huo ananihoji: nikizidiwa nafanyaje, nikifurahi nafanyaje, jioni nakula wapi na ninakula na nani. Nami kwa ukarimu wangu nikamjibu yote. Ndivyo alivyojua kwamba kila ninapotaka kuruka huvuta pumzi kwa nguvu.

4. Hujuma ya chakula. Siku yenyewe ya fainali alikuja na sambusa za nyama kwenye leso mpya, akidai nimekonda. Nilikula zote. Mafuta yakabaki vidoleni, pedi ikateleza. Yeye hakuonja hata moja, alikaa tu ananiangalia nikitafuna, anatabasamu. Nani hutabasamu hivyo kama hana jambo?

5. Kunitazama. Watu wote bandani walitazama kioo isipokuwa mpinzani wangu. Yeye alinitazama mimi usoni. Nina uhakika, kwa sababu kila nilipogeuka kuhakikisha nilikuta macho yake yapo. Kombo yangu ilikatikia pigo la nne, jambo ambalo halijawahi kunitokea hata nikiwa na malaria.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Sote tunaishi ndani ya hifadhi ya bahari na tunajua kwamba ziko sehemu zenye maboya ambazo hata mvuvi hodari haingizi wavu. Kamati basi itangaze kona zote mbili za kioo kuwa eneo tengefu. Abeid azibandike utepe mwekundu, na atakayetulia humo ahesabiwe kuwa amevua kwa njia haramu. Pili, mchezaji akigeuka kupunga mkono, saa isimame. Tatu, kufikiri kuruhusiwe baina ya raundi tu, na mchezaji afikirie nje ya banda.

La nne ndilo kubwa. Kombe lisitolewe. Kanuni zetu zinasema lalamiko likiwa mezani kwa Mwenyekiti, kombe linabaki kabatini. Laurencia amepata uhamisho wa kwenda Nachingwea na anataka kuondoka nalo. Kombe la Utende likakae Nachingwea, baba yangu, kwa sababu ya mtama?

Nisalimie mama, Abeid, wanakamati wote, na hata Mwanaharusi, ingawa kigelegele kile bado kinanilia masikioni.

Ni mimi kijana wako, bingwa kwa haki ya vidole,

Valence,
Fundi Simu.

N.B. Nilikwisha kuifunga bahasha, nimeichana tena. Laurencia amepita hapa sasa hivi. Amesema hapandi boti ya Nyamisati bila kombe lake, liwalo na liwe, na ameandika kuomba uhamisho usogezwe mbele mpaka Kamati itoe uamuzi. Basi nakusihi, Mzee wangu, barua hii usiijibu. Ikalie. Miwani ipotee, wanakamati wasafiri, kikao kiahirishwe mpaka Krismasi, na ukiweza mpaka Pasaka. Yote niliyoandika juu ya watu wanaotulia wakasubiri, naomba uyafute. Alinishinda kihalali na ninalijua hilo tangu Jumamosi. Lakini akipewa kombe leo, kesho hayupo, nami nampenda. Akija kukuuliza, mwambie Kamati bado inafikiri.