Jino Lililosubiri Miaka Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kutoka kwa daktari wa meno nikiwa na skrubu ndani ya taya. Skrubu ya chuma, kama ya mlango! Ameizungusha kwenye mfupa, pale lilipokuwa jino langu la mbele, akashona fizi nyuzi tatu na kusema nimekuwa mgonjwa mtulivu. Si utulivu. Nilizimia.

Habari mbaya: jino la muda litachukua siku kumi. Uvimbe upungue kwanza, kisha apime, alichonge fupi lisigusane na meno ya chini. Skrubu ikisukumwa mapema haitashikana na mfupa. Nikamweleza kwamba mimi ni mtangazaji wa stesheni ya treni, na kwamba Ijumaa hii mkuu wa stesheni atatusikiliza mimi na mwenzangu, abakize mmoja tu. Akanijibu kwamba mfupa hauijui Ijumaa. Mwanamke hana hata chembe ya huruma!

Mwenzangu huyo namwita Kasuku. Yeye leo ameniita Pengo mbele ya wakata tiketi. Na pengo lenyewe kalisababisha yeye! Nisingepanda juu ya kiti kurudisha nyuma saa ya ukutani ili achelewe zamu, ningeangukaje?

Jumanne, 4 Machi

Nimejipima sauti bafuni. Nikatamka: treni ya saa saba na dakika sita, basi. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama bomba limepasuka.

Mbinu mpya. Nyuma ya kliniki kuna fundi anayemtengenezea daktari meno ya bandia. Mzee wa makini kupita kiasi. Meno ambayo wenyewe waliyaagiza na hawakurudi kuyachukua hayatupi. Anayaweka kwenye droo, kila moja na bahasha yake. Juu ya bahasha haandiki jina, anaandika kazi. Anadai mtu anaweza kubadili jina na simu, lakini kazi yake haisahau.

Nilikwenda kumbembeleza tu. Akafungua droo kutafuta koleo, nami nikasoma: Mtangazaji, stesheni. Jino la mbele, juu, kushoto. Tarehe ya miaka tisa iliyopita.

Sikufikiri hata kidogo. Nikamwambia ndiye mimi! Akasema nimekawia. Nikasingizia shughuli. Akanipa kitabu nitie sahihi kwamba mwenyewe amechukua, nikatia. Kazi ni hiyo hiyo, uongo uko wapi?

Ni jino moja kwenye kibao cha rangi ya fizi, na nyaya mbili za kushika meno jirani. Likaingia na kutulia. Fundi alikuwa ameshika tupa tayari kulisugua, akairudisha mezani taratibu. Akasema katika miaka thelathini hajawahi kuona jino likikaa mara ya kwanza, ila kwa mwenye nalo. Alisema hivyo huku akirudi nyuma.

Jino ni la baridi. Nimekunywa chai, bado ni la baridi.

Jumatano, 5 Machi

Sauti! Nimefungua mdomo zamu ya asubuhi ikatoka sauti nzito, ya upole, inayoingia sikioni kama mafuta ya uvuguvugu. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata watoto. Nilijua siku zote kwamba ninayo, ilikosa jino tu.

Kuna jambo moja dogo. Saa tisa alasiri nilimaliza kusoma orodha, nikafunga mdomo, mdomo ukafunguka wenyewe. Ukawatangazia abiria wa treni ya saa tisa na dakika arobaini wafike jukwaa la nne, wasikimbie, nafasi zipo za kutosha.

Treni hiyo haimo kwenye orodha. Na majukwaa tunayo matatu. La nne liling'olewa reli zamani, limebaki majani na uzio wa waya.

Nikachungulia dirishani. Watu kama saba wakanyanyuka kwenye mabenchi, wakachukua mizigo yao, wakaenda mpaka kwenye waya. Wakapanga foleni. Hakuna aliyesukuma! Hapo ndipo niliposhikwa na hofu, maana katika stesheni hii sijawahi kuona foleni isiyo na kiwiko cha mtu. Nikageuka kuzima kipaza sauti. Nilipotazama tena, majani tu.

Nikamuuliza mkata tiketi kama amewaona. Hakuona mtu. Ila tangazo alilisikia, akasema lilikuwa tamu mno hata naye alikuwa ameshanyanyuka.

Hakuna aliyelalamika. Tuendelee.

Alhamisi, 6 Machi

Kasuku amenijia chumba cha matangazo, midomo imemkauka. Anasema anaijua sauti ile. Ni ya mzee aliyekuwa mtangazaji kabla yetu, aliyemfundisha yeye kushika kipaza sauti. Alifariki miaka tisa iliyopita, alasiri, kwenye kiti hiki hiki ninachokalia, mdomo ukiwa wazi, tangazo halijaisha. Akanisihi, kaka, chochote ulichotia kinywani kitoe. Kaka! Tangu lini mimi ni kaka yake?

Mfa maji haishi kutapatapa. Nimemwambia akanywe maji.

Hata hivyo fizi inapwita, na jino likitangaza nasikia skrubu inacheza kwenye mfupa. Halafu mchana nilimshukuru mke wangu kwa chakula. Akaweka kijiko chini, akaniuliza mimi ni nani.

Ijumaa, 7 Machi

NIMESHINDA!

Kasuku alianza, na alisoma vizuri, nakiri humu daftarini tu. Kisha mimi. Mkuu wa stesheni, mtu asiyewahi kutoa pole hata msibani, alivua miwani akaifuta mara mbili. Kipaza sauti ni changu. Kasuku anahamia bohari ya vifurushi. Amenipa mkono, akashtuka ulivyokuwa baridi. Wangu, si wake. Ana watoto wanne na alikuwa karibu kulia, nami nikamwonea huruma. Ikapita.

Nikitoka, nimemkuta bibi mmoja ameketi chini ya spika, macho ameyafumba. Ni mjane wa yule mzee. Nyumba yake iko ng'ambo ya reli, na tangu Jumatano anamsikia mumewe akiita abiria. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, fundi akamwonyesha sahihi yangu.

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniita mwanangu. Akanieleza kwamba mzee aliliagiza jino lile akafa kabla ya kulichukua, na alikuwa mtu asiyeacha kazi nusu. Anaomba nimpe akalizike alipolala mwenyewe, apumzike. Alisema kila kilicho cha mtu kikishatangulia kaburini humwita mwenyewe akifuate. Atakuja kesho.

Nikimpa, Jumatatu natangaza kwa pengo na Kasuku anarudi kitini. Nisipompa, atakwenda kwa mkuu. Lazima kuna njia.

Jumamosi, 8 Machi

Njia ipo!

Asubuhi kwanza nimekwenda kukaguliwa nyuzi. Jino nimelitoa na kulificha mfukoni. Daktari kaigusa skrubu kwa kidole, ikatikisika. Akaniuliza kwa ukali kama kuna kitu kinaisukuma. Nikaapa hakuna. Wakati huo huo mfukoni kukawa kunagongagonga, tik, tik, tik, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Nikasema ni funguo. Daktari akasogeza kiti chake mbali nami.

Sasa mbinu. Jino langu mwenyewe, lile lililong'oka nilipoanguka, nililihifadhi kwenye kiberiti. Nimelisugua kwa dawa ya meno, nikalifunga kwenye leso safi, nikampa bibi. Macho yake hayaoni vizuri. Alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu kupitia leso, akalia. Nami nikalia kidogo. Moyo uliniuma, kweli uliniuma, mpaka nilipofika chini ya ngazi.

Alasiri mjukuu wake amemshika mkono wakaenda makaburini. Limezikwa. Bibi ana amani, mimi nina sauti, kila mtu kapata chake. Jino la mzee limerudi kinywani mwangu, na safari hii nimelifunga kwa uzi kwenye jirani yake.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza ya utawala wangu! Nimevaa tai.

Nimefungua mdomo. Kimya. Jino halikutoa hata pumzi. Mara spika zikasema zenyewe, ukumbi mzima, na sauti ni yangu. Yangu ya zamani, ya pengo, yenye kufyonza upepo. Ikamtaka mtangazaji wa stesheni afike jukwaa la nne, saa tisa na dakika arobaini, aje na alichonacho.

Kasuku! Nani mwingine? Amevuta waya kutoka bohari! Nikashuka mbio kumfumania. Nimemkuta amebeba kreti mbele ya vibarua watatu, kinywa kimejaa mkate. Ameniangalia, akaliangusha kreti, akanishika shati nisiende. Nimeukung'uta mkono wake. Mtu mwerevu sana. Sijui amefanyaje, lakini ni yeye, nami nitauanika uongo wake hadharani.

Saa tisa na dakika thelathini na tano. Naandika nikiwa nimesimama jukwaa la nne. Waya umefunguliwa. Majani hayapo, reli zipo, zinang'aa. Treni imekwishafika, sikuisikia ikija, na ni safi kuliko zetu zote. Hata kondakta simwoni, kwa hiyo tiketi haitaniumiza kichwa. Nimejipapasa kinywani: uzi upo, jino halipo. Litakuwa limeanguka njiani, nitalitafuta nikirudi.

Foleni ni ndefu leo, zaidi ya watu thelathini, wote kimya na mizigo yao. Nikawaambia mimi ni mfanyakazi wa stesheni, nipisheni. Wakanipisha! Wote, kwa heshima, bila hata mmoja kuguna. Miaka minane nimefanya kazi hapa, hakuna aliyewahi kunipisha hivyo.

Nimekuwa wa kwanza kuingia. Nimepata kiti cha dirishani.