Jicho la Kisanduku cha Baba

Jumanne, 6 Mei
Baba ameniita mara kumi na saba leo. Nimehesabu. "Mama," ndivyo anavyoniita mimi bintiye, "hebu njoo uniongezee sauti kidogo." Nakwenda, nazungusha kitufe, ananiuliza nilikuwa nafanya nini, namjibu hakuna, narudi jikoni. Tangu apasuliwe goti anashinda kwenye kochi, mguu juu ya stuli, rimoti mkononi haina kazi.

Kisanduku chenyewe ni priamplifaya, kinapokea muziki kabla haujafika kwenye spika kubwa. Alikiunda kwa mikono yake. Kazi safi. Ila jicho linalopokea rimoti alilibandika chini kabisa pembeni, na mkono wa kochi unaliziba.

Mpango: nitalihamisha kimyakimya. Baba ataona kwamba nami ni fundi, ataniruhusu nikae kwenye meza yake ya kazi. Nimemaliza shule na sitaki kitu kingine. Kumwomba kwa mdomo siwezi. Nimejaribu mbele ya kioo. Hata kioo nilikionea haya.

Alhamisi, 8 Mei
Mama kampeleka Baba kliniki. Nimefungua kisanduku. Jicho ni kidude cheusi chenye miguu mitatu. Nilipolichomoa, mguu mmoja ukabaki ndani. Nilikaa chini kwanza.

Chini ya kitanda cha kaka yangu kuna king'amuzi kibovu. Kaka tunamwita Injinia, kwa sababu anasoma chuo na hajapitisha siku bila kutukumbusha. Nimeng'oa jicho la king'amuzi, nikaliunga kwa waya mrefu hadi juu ya rafu. Nikawasha. Harufu. Kumbe miguu ya macho haya haipangwi sawa, kila kiwanda na akili yake. Nikazima haraka.

Injinia akaingia akinusa, akauliza nani anachoma plastiki. Nikasema nimeunguza mwiko. Akasema basi hata kupika kumenishinda.

Jumamosi, 10 Mei
Jicho limepona, miguu nimeipanga upya. Limefanya kazi dakika arobaini. Kisha Mama akawasha taa ya tyubu iliyo juu ya rafu, na kitufe cha sauti, ambacho kina mota, kikaanza kujizungusha. Mama alikuwa kwenye simu na mama mkubwa. Akamwambia asubiri, kuna kitu kimeingia nyumbani. Baba akabonyeza kupunguza, taa ikaongeza.

Injinia akasema aliyegusa waya huo anyooshe mkono. Nikanyoosha, ila nilikuwa nyuma ya mlango. Akaeleza kwa sauti ya mwalimu kwamba mwanga wa tyubu unalichanganya jicho. Nilikwishajua.

Jumatatu, 12 Mei
Nimelivalisha jicho kofia ya karatasi nyeusi, nikalishusha ubavuni mwa rafu. Rimoti inashika kutoka kochini, mlangoni, hata koridoni. Baba akapandisha sauti, akashusha, akapandisha tena. Akamwuliza Injinia kama ni kazi yake. Injinia alichukua muda mrefu mno kukumbuka, kisha akasema hapana, ni ya huyu.

Baba akasema, "Vizuri, mama. Sasa pumzika, sitakusumbua tena."

Nikasubiri aseme habari za meza. Akapandisha sauti tena. Nikarudi jikoni.

Jumatano, 14 Mei
Tangu juzi Baba hajaniita hata mara moja. Muziki unapanda, unashuka, nausikia ukutani tu. Nimeosha vikombe vilivyokuwa safi. Kumbe yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, na nimeyakata mwenyewe. Alikuwa akiniuliza nafanya nini. Laiti ningemjibu kitu, hata uongo.

Mchana nimesimama mlangoni pa sebule. Akauliza kuna nini. Nikasema nakagua jicho. Nilipokwenda kulikagua mara ya tatu akaweka rimoti chini, akasogeza mguu, akasema nikitaka kukaa naye nije tu nikae. Na meza yake ninayoizungukazunguka, akauliza, nani alinikataza? Nikasema maji yanachemka. Hapakuwa na maji motoni.

Nimeyafikiria sana maneno yake. Kuingia tu na kukaa ni hatari, mtu anaweza kuulizwa swali. Ipo njia rahisi zaidi. Nitafunga kengele jikoni, na jicho la pili sebuleni. Baba akibonyeza kitufe chekundu cha rimoti, kengele italia, nami nitajua ananihitaji. Nimepima: mita kumi na moja za waya, na tundu moja tu ukutani.

Kesho anakwenda kliniki.