Vitabu Thelathini na Kimoja

Jumatano, 5 Novemba

Mke wangu Yuk-lan anarudi nyumbani. Kasema mwenyewe asubuhi kwa simu, kutoka Tuen Mun kwa dada yake, alikohamia Septemba. Masharti: siku tatu za mbio za farasi mfululizo, nisivuke dola mia mbili kwa siku, nichague farasi kabla ya kutoka nyumbani, nisifukuzie hela iliyokwisha kupotea. Nikivunja hata moja, anabaki huko huko. Nimenunua daftari la kijani na kuyaandika yote.

Jioni, uwanja wa Happy Valley. Farasi wanne, wote nyuma. Mia mbili ziliisha mbio ya tano, nikaondoka. Siku ya kwanza nimefaulu.

Mlangoni nilikutana na Pui, muuza matunda wa chini ya jengo letu. Aliona daftari mfukoni, akacheka mpaka akashika nguzo. “Mzee Kwok, umeleta kitabu uwanjani? Kikwetu kitabu ni ‘syu’, na kushindwa ni ‘syu’, sauti ile ile. Si bora ungekuja umebeba jeneza?”

Nimetembea hadi nyumbani nikiwaza.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimehesabu vitabu vilivyomo ndani: thelathini na kimoja. Vya mapishi, vya shule vya mwanangu aliyeko Kanada, kamusi mbili. Miaka ishirini nachagua farasi katikati ya ‘syu’ thelathini na moja. Ajabu ni kwamba nimewahi kushinda.

Mtu makini huondoa chanzo. Nimevipanga katika maboksi mawili, daftari la kijani juu yake, nikayasukuma chini ya meza ya Pui, nyuma ya machungwa. Mkosi umehama. Pui hana habari. Haya nayaandika nyuma ya karatasi za mbio.

Jumapili, 9 Novemba

Uwanja wa Sha Tin. Mia mbili, farasi wawili, wote nimewachagua nyumbani. Namba saba alishinda kwa urefu wa pua. Nimepata elfu moja mia sita. Pui hakupata kitu. Alirarua tiketi zake, akasema leo macho yangu yanang'aa kama ya mwizi wa kuku. Nilimnunulia chai ya maziwa. Namhurumia.

Siku ya pili nimefaulu. Yuk-lan aliposikia aliuliza kama blanketi lake zito lingali kabatini. Nimelianika dirishani.

Jumatano, 12 Novemba

Tangu asubuhi nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Kikomo cha mia mbili aliwekewa mtu mwenye vitabu ndani. Mimi sina hata kimoja. Hali imebadilika, na sharti la hali ya zamani haliwezi kumfunga mtu wa hali mpya. Elfu moja mia sita zote, farasi mmoja, Happy Valley.

Mpaka naandika haya, nadhani farasi huyo bado yuko njiani.

Alhamisi, 13 Novemba

Pui kayaona maboksi. Mteja aliinua moja akidhani ni mapera. Pui akalisoma daftari, na namba ya Yuk-lan anayo, kwa kuwa humwekea doriani. Alimwambia, “Dada, mumeo amezika masharti yako kwenye machungwa yangu. Na Jumapili nimepoteza hela sababu yake.”

Yuk-lan akanipigia. Aliuliza swali moja: jana uliweka ngapi? Nikamwambia. Hakupaza sauti. Alisema dada yake amemwachia kabati zima, na kama nina neno la kusema, nikaliseme ana kwa ana, Jumamosi saa nne asubuhi.

Nitakwenda. Suti nimeipiga pasi. Tatizo ni moja: shemeji, huyo dada yake, ni mwalimu mstaafu, na sebule yake imejaa vitabu hadi darini. Nimempigia kuuliza kama mimi na mke wangu tunaweza kupatana kwenye korido. Alikata simu.

Mbio za Jumapili zinaanza saa saba mchana.